Bila Hodi

Valmiera, Januari, saa nane usiku.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la makufuli,
Ilgvars anakunywa chai iliyokwisha kupoa
akizitazama herufi mbili: PK.
Nyuma yake, mapembe, mikia, alama za kuuliza,
ukurasa mzima kama kuku kakanyaga wino
akapita.

Hili ndilo jedwali la wafugaji mia mbili na kumi.
Ndani ya vurugu hii mna lita za Biruta,
mna asilimia za mafuta,
mna deni la trekta la ndugu wawili wa Rencēni.
Yote yamo, hata nukta haikupotea.
Ila kivinjari hakikuambiwa kinapokea nini,
nacho, kama mtu aliyetupiwa kifurushi mlangoni,
kimekipasua kwa meno.

Asubuhi Skaidrīte atafika,
atavua glavu kidole kwa kidole,
atabonyeza “Pakua”.
Ameshika hesabu tangu enzi za penseli.
Jana alipiga simu, wala hakugomba:
“Mwanangu, watu wanangoja fedha zao Ijumaa.
PK siwezi kuipeleka benki.”

Programu ya Java haikukosea; hapo ndipo panapouma.
Imezunguka hifadhidata, imejaza seli moja moja,
imejumlisha,
ikamimina kitabu kizima mkondoni, baiti kwa baiti.
Ilichokosa ni adabu.
Imeingia nyumba ya watu bila hodi.

Basi anaandika mstari: mimi ni lahajedwali.
Na wa pili: mimi ni kiambatisho, usinisome, nihifadhi,
jina langu piens-janvaris,
bila kile kistari juu ya a
kilichovunjika njiani wiki iliyopita.
Anafunga mkondo, kwani usiofungwa
hubaki na mkia wa mzigo kooni.

Anabonyeza.
Kisanduku kidogo kinashuka pembeni mwa kioo.
Anakifungua: safu zimesimama wima, zimenyooka.
Biruta, lita elfu nne mia moja na mbili.
Anacheka peke yake.

Halafu mstari wa themanini na saba.
Mzee Zvirgzdiņš, aliyemuuzia baiskeli yake ya kwanza:
tarehe kumi na moja, lita tisini.
Tarehe kumi na mbili, sifuri.
Kumi na tatu, sifuri.
Sifuri hadi mwisho wa ukurasa.

Anaurudia msimbo, taratibu,
akiomba kosa liwe lake.