Ishi

Neno langu la kwanza la ugenini nililinunua shilingi mia
nikafungiwa kwenye gazeti pamoja na chumvi.
Duka la Hansaben, Mtaa wa Libya.
"Mithu," alisema, akigonga kopo.
Kisha akanimegea sukari guru: "Na hii ni mitho. Tamu."
Nikaduwaa, chumvi mkono huu, utamu mkono huu,
herufi moja tu kati yao,
nikasahau chenji.

Kwa ajili ya chenji nilichapwa.
Neno likabaki.

Baba aliniona Kariakoo nikinakili maandishi ya maboksi
huku wenzangu wakisaka viatu vya Idi.
"Tumpe," akasema, "lugha haiivi chunguni.
Soma uhasibu."
Nikasoma uhasibu.
Miaka sita nyuma ya kioo, Mnazi Mmoja,
nikihesabu fedha za watu hadi vidole vinuke noti,
na chini ya kaunta, daftari.
Jioni nilikwenda Kinondoni, kwa Tsige wa mgahawa,
akanichorea herufi za kwao kwa kidole
juu ya unga uliomwagika mezani,
anafuta, anachora, anafuta.
Ada yangu ilikuwa kuosha vikombe.
Kazini walicheka. Waliniona
kama mtu anayefuga kasuku.

Leo niko Kisutu, chumba namba tatu.
Feni inazunguka, upepo haupo.
Karandinga limeleta vijana kutoka Keko,
na wa mwisho kusimama ni Temesgen,
shati la kuazima, kola imemzidi shingo.
Shtaka linasomwa: kuingia nchini bila kibali.
Nalibeba kama beseni la maji lililojaa,
nisimwage, nisiongeze.
Mkalimani hatii chumvi.

Anainamisha kichwa.
"Ishi," anasema.

"Amekiri," anasema karani, kalamu tayari imetua.

"Mheshimiwa, niwie radhi.
Hajakiri. Amesema amesikia.
Ndivyo mtoto wa kwao anavyomwitikia mama akitumwa dukani,
ndivyo anavyomwitikia daktari, na askari pia.
Neno hilo linapokea sauti, mheshimiwa.
Kosa halijalipokea bado."

Hakimu anavua miwani.
Nje mtu anauza karanga, tunamsikia sote.
"Muulize tena."
Namuuliza tena, polepole, kwa Kiamhara cha jikoni kwa Tsige,
na safari hii jibu lake ni refu,
lina lori ndani yake, na turubai,
na mdogo wake aliyeacha kubisha hodi upande wa pili wa mapipa.
Nalitafsiri lote.
Sauti yangu inakwama mara moja tu, kwenye mapipa.
Kesi inaahirishwa. Karani anafuta mstari.

Posho ni elfu thelathini, saini mara mbili.
Uhasibu ulinilipa zaidi, siwezi kubisha,
baba alikuwa na hesabu yake.
Ila siku hizi homa ikimpanda
Kiswahili kinamtoka kama jasho,
anabaki na Kihehe ambacho hakunifunza,
maana mjini, alisema, kitatuchelewesha.
"Kamwene," analiambia dari.
"Kamwene," namjibu.
Anageuza shingo. Anauliza nimekitoa wapi.
Namwambia: kwa shangazi, kwenye simu, Jumapili kwa Jumapili,
vocha baada ya vocha.
Anakaa kimya, halafu anaomba uji.

Usiku nafungua daftari, la tisa sasa.
Naandika lile neno, na tarehe ya kesi.
Mtoto wa jirani, Nasra, darasa la pili,
ambaye husoma chochote kilicho mbele yake,
pakiti ya majani ya chai, bango la mganga,
anachungulia begani kwangu
na kusoma kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili chake:

"Ishi."

Anasubiri. Hakuna kinachofuata.
"Unamwambia nani?"