Mstari wa 597

Msimu huu tumepewa simu; daftari limefungiwa kabatini.
Majina mia sita na kumi na mawili, kuanzia Abasi Akili,
na mimi karani wa ghala, hapa Tandahimba,
kidole kimoja, vumbi la korosho kwenye kioo.
Simu ikisimama, unaona majina matupu.
Ukitaka kilo, ukitaka daraja na makato,
uilaze.

Ukiilaza, inasahau.

Bi Zuwena Nampunju ni wa mia tano tisini na saba.
Nasukuma, nasukuma, napita akina Hamisi,
napita Mohamedi wote wa Mahuta,
namfikia, naigeuza ili azione kilo zake mwenyewe,
na kioo kinapepesa mara moja:
Abasi Akili.
“Huyo si mimi,” anasema.
Hajui kusoma, ila jina lake analijua umbo,
na tarakimu anazijua kuliko wanunuzi;
kangomba ilimfundisha.
Naanza upya. Foleni inaguna hadi nje.
Siku ya tatu nikaandika namba kiganjani kwa peni.
Jasho likazila.

Rukia akaja na basi la asubuhi kutoka Chikongola,
akakaa juu ya gunia, kompyuta magotini.
“Ukurasa haugeuki, kaka. Unakufa.
Huu uliolala ni mwingine, umezaliwa sasa hivi,
na hakuna aliyeuachia wasia.”

Basi tukauandikia.
Mstari wa juu ni wa ngapi.
“Haitoshi. Umekatwa wapi?”
Maana jina huweza kuchungulia, kichwa nje, miguu ndani,
nalo lirudi vivyo hivyo, na nusu yake.
Bado ikagoma. Rukia akajipiga paji la uso:
tulikuwa tunausoma wasia kabla majina hayajafika,
tunamwonyesha mgeni kiti
katika nyumba isiyojengwa.
Orodha ijae kwanza.

Jumatatu, mvua ya kwanza juu ya bati.
Nikaisimamisha: Zuwena Nampunju.
Nikailaza: Zuwena Nampunju,
kilo mia mbili na nne, daraja la kwanza.
Akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo.
Hakusema ahsante.
“Geuza tena.”
Nikageuza.
“Tena.”
Nyuma yake mtu akapiga mluzi,
mwingine akatua gunia kwa kishindo.
Naye, bila kuwatazama:
“Tulieni. Na ninyi mtageuziwa.”