Tundu Lisilo na Bolti

Honda ya baba ililala miaka tisa jikoni kwa mama.
Kuku walitaga kwenye kiti,
nyigu wakaziba ekzosi kwa udongo.
Nikaisukuma kutoka Chavakali hadi Majengo,
nikiibembeleza mteremkoni kwa soli za viatu,
mpaka kwa Vugutsa, fundi asiye na kibao.
Ana jiwe tu, kubwa kama lori, lililomtangulia hapo,
na kivuli chake hadi saa sita.

Akafungua kifuniko cha klachi.
Gasketi ya zamani ikatoka vipandevipande
kama ukoko wa ugali uliosahauliwa sufuriani.
"Hii haiuzwi tena, hata Kisumu.
Kule watakupa ya pikipiki nyingine
na kukuapia kwa mama zao."
Akaukwangua ukingo kwa wembe, ameulaza, polepole,
maana alumini haisahau mkwaruzo.

Kisha akauliza: una karatasi gani?

Nilikuwa na faili ya baba, imefungwa kwa mpira chini ya kiti.
Manila ngumu ya idara ya mifugo,
na baba hakuwa mtu wa kuacha weupe upite bure:
hata jalada alilijaza ng'ombe aliowapandisha
kutoka Sabatia hadi Wodanga.
*Kageha, Friziani, ameshika.*
*Endovo, Airshaya, hakushika, rudi Jumanne.*
*Mzee Lugadiru, ameshika, deni.*

Vugutsa aliikunja, akasikiliza inavyolia,
akaipima unene kwa kucha.
"Inafaa," akasema. "Kama huna uchungu nayo."
Nilikuwa nao. Nikampa.

Akapaka oili chafu kwenye ukingo wa chuma,
akalaza manila juu, akaikandamiza kwa kiganja
kama anayetuliza mtoto wa mwenyewe;
alipoiinua, injini ilikuwa imejichora.
Mkasi hakugusa. Alichukua nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo,
to, to, to, akifuata makali ya chuma,
na karatasi ikajikata palepale ilipotakiwa.
Kwenye matundu ya bolti aliweka gololi ya beringi:
pigo moja, na kisarafu cha manila kikadondoka ndani.
Akavitoa vyote kwa kibano, akavihesabu.

Kumi. Nikasema tumemaliza.
Hakujibu. Akanipa nyundo.
"Tafuta la kumi na moja."

Nilitafuta hadi jua likamaliza kivuli cha jiwe.
Lilikuwa pembeni, dogo kama jicho la kuku,
halina bolti, halina nyuzi, halishiki kitu.
"Hapo hupita oili," akasema.
"Mwaka wangu wa kwanza nililisahau. Pikipiki ya padri.
Ilifika Kilingili, ikashika.
Padri alirudi kwa miguu, hakunitukana.
Afadhali angenitukana."

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajawahi kufunga injini.

Nikaweka gololi. Nikapiga.
Tundu likapita katikati ya *Jumanne*.

Bolti alizikaza kimkingamo, mbili mbili,
bila kipimo, kwa kifundo cha mkono na midomo iliyobanwa.
Teke la kwanza, kikohozi.
La pili, udongo wa nyigu ukaruka hadi kwa muuza ndizi.
La tatu, nikasikia sauti niliyokuwa nikiamkia
siku za shule, saa kumi na moja, baba akielekea kwa ng'ombe wa watu.
Vugutsa alipitisha kidole chini ya kifuniko,
akakitazama, akanionyesha: kikavu.
"Imeshika," nikasema, na yeye akashtuka,
maana kwa fundi neno hilo ni msiba.

Alitaka shilingi mia tatu na mabaki ya manila.
"Hapa zinatoka gasketi tatu za kabureta," alisema,
tayari akimgeuzageuza Lugadiru juani,
akitafuta mahali pa kuanzia kukata.
Nilipokuwa napanda kiti akapaza sauti:
"Na hilo deni, lililipwa?"
Sikujua. Nikaingiza gia.