Kiraka

Alishuka Gulwe na masanduku matatu:
moja la nguo, moja la vipuri vya baiskeli,
la tatu hakutaka mpagazi aliguse.
Jivraj Vaghela. Ulimi wetu ukamgeuza Jiwe Raji,
kisha Jiwe tu, naye akaitika.

Kule Kongwa Waingereza walikuwa wakifunga mradi wa karanga,
wakiuza matrekta kwa bei ya chuma chakavu.
Wenzake waligombea matairi.
Yeye alinunua jenereta lenye kifua kikuu
akamwajiri baba yangu, Chilongani,
aliyejua kulituliza kikohozi.

Ukuta hatukuwa nao. Lilikuwepo shuka la Kanta, mkewe,
jeupe, la harusi, lenye kiraka pembeni —
hapana, naongopa, si pembeni:
katikati,
pale pale panapokaa uso.
Kila shujaa aliyefika Mpwapwa alifika na kiraka shavuni.
Malkia, jambazi, farasi,
hata mwezi.
Tukadhani ng'ambo ndivyo watu walivyo.

"Mbukwenyi!" angesalimu mlangoni, matamshi yamepinda,
nasi tungecheka na kulipa:
senti ishirini, au mayai mawili,
au kibaba cha uwele. Asiye na kitu
aliandikwa daftarini.
Daftari hilo nimeliona. Nusu ya wilaya imo.

Mwaka wa mvua haba akaja na kamera ya kuzungusha kwa mkono.
Kanta alikuwa ameuza bangili; hilo nililijua baadaye.
Akawapiga picha wanawake wa Chamkoroma katika muheme,
Sechelela mbele, ngoma kati ya mapaja.
Mkanda ukaenda Nairobi kusafishwa,
miezi minne tukiuliza kila treni.
Ukarudi. Dakika tisa. Bila sauti.

Usiku ule hakuna aliyeshangilia.
Tulitazama mikono ikipiga, ikipiga,
na kimya.
Mtu mmoja akasema, "Huyu ametuonyesha tukiwa wafu."
Jiwe akasimama kando ya shuka, Kiswahili kimemkimbia,
anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Ndipo Sechelela akatoka gizani.
Alienda nyumbani, akarudi na ngoma,
akamwambia baba, "Rudisha mwanzo."
Akajifuata mwenyewe
pigo kwa pigo,
akichelewa kidogo kila alipofika kwenye kiraka,
maana hapo mikono yake hakuiona vizuri.

Mwaka wa majumba kutaifishwa, Jiwe alipanda treni
na masanduku mawili.

Mwanangu hupiga filamu kwa simu, pale Area C,
ana wafuasi, ana taa za duara.
Ananiuliza kazi hii nani aliianza kwetu.
Namfungulia sanduku la tatu:
mkanda umejikunja, unanuka siki,
haumwonyeshi mtu tena.

Na shuka? anauliza.

Shuka tulimzikia babu yako.
Mama ndiye aliyelikunja,
akalivuta huku na huku, taratibu,
hadi kiraka kikakaa usoni.