Kutoa Tundu

Mfenesi umelala tangu masika,
kichwa kimeangukia banda la mbuzi, mizizi juu,
na Bi Mize wa Mtambwe ameniletea neno Konde:
njoo upime, bei nitaisikia kwa masikio yangu.

Nimekuja na futi ya chuma, chaki, daftari,
fimbo ya mpera,
na Hafidhu wa kunishikia ncha.
Shoka nimelichukua kwa ajili ya kisigino chake:
gogo hupigwa, kisha husikilizwa.
Juu likaita nge, nge, kama mlango mzima.
Katikati, nge.
Karibu na shina likajibu du,
Hafidhu akanitazama, nami nikatazama daftari.

Urefu futi kumi na mbili.
Mzingo inchi sabini na mbili, ulimbo umeng'ang'ania futi.
Robo yake kumi na nane, izidishe kwa nafsi yake,
mara kumi na mbili, gawa kwa mia na arubaini na nne:
ishirini na saba. Futi za ujazo ishirini na saba
za mbao ya manjano, ile ikaayo mlangoni
ikazeeka mpaka ikafanana na haluwa.

Lakini hiyo ni hesabu ya gogo lisilo siri.
Hili lina ufa wa jua usiozidi kiganja,
msumari wa kamba ya nguo uliomezwa na gome
(huo utakula jino la msumeno, nimeuchorea msalaba),
jicho la tawi lililovunjika, limezibwa kwa udongo, sijui na nani,
na huku chini, tundu.
Mkono wangu umeingia mpaka kwapani.
Fimbo imeingia zaidi.

"Na hapo wapima nini?"
"Napima kisichokuwepo."
"Kisichokuwepo nacho kina futi?"
Kina. Tundu ni duara, ila msumeno haujui duara;
hesabu hulitia ndani ya sanduku,
na pembe nne za mti mzima huondoka na uozo
kama majirani waliokamatwa pamoja na mwizi.
Upana inchi kumi na mbili. Kina futi nne.
Toa nne.

Akacheka mpaka kanga ikamteleza begani.
"Nne utazitoa wewe! Tundu hilo, mwanangu,
mwaka ule wa magendo, bei ya serikali hainunui hata sabuni,
lilikula pishi ishirini na tano za karafuu kavu.
Tulizimimina hapo palipovunjika tawi,
tukapaziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe.
Askari walikaa papa hapa, juu ya mizizi,
wakala fenesi langu,
wakafutia ulimbo mafuta yangu ya taa,
wakaondoka.
Bati unaloliona ni tundu. Raya kusoma Unguja ni tundu.
Huo mti mwengine wote ulinipa mafenesi tu."

Nikainama tena. Nikanusa.
Kulikuwa na popo, unga wa mchwa, maji yaliyolala.
"Waisikia harufu?"
"Naisikia," nikasema.

Daftarini hakuna safu ya hayo.
Kuna urefu, mzingo, kasoro, baki.
Tajiri wangu hununua mbao,
na Jumatano atalipasua, ajionee
ubao kwa ubao.
Nikaitia fimbo mara ya pili
na kidole gumba kikaishika mahali pengine:
futi tatu.

Hafidhu akafungua mdomo, akaufunga.
Nikamhesabia Bi Mize noti zake za futi ishirini na nne.
Akazihesabu tena, polepole, akanirudishia za futi moja.
"Fimbo ilizama nne. Kata yangu ya kuchotea
ilikuwa na mpini wa futi nne, na bado nikiinama."

Nikafuta tatu. Nikaandika nne.

"Ila tundu msilolilipia," akasema, keshageuka,
"basi niachieni."

Njia nzima ya kurudi Konde Hafidhu ananiuliza
tundu huachwaje, gogo likichukuliwa.