Karani wa Gramu

Kabla ya hapa nilikuwa kwenye mizani ya Miwani:
trekta zikipanda juu ya chuma, miwa ikidondoka,
naandika tani kumi na mbili, tani tisa na nusu,
madereva wakibishana nami juu ya uzito wa matope.
Siku kiwanda kilipozima bomba lake la moshi
niliondoka na kalamu
na mazoea ya kutoamini macho.

Sasa niko Nyakweri, jabali lililoota nywele za matete,
saa mbili kwa boti ya injini kutoka Usenge,
na kitu kizito kuliko vyote nilichopima wiki hii
ni gramu ishirini na moja.

Tunaamka saa kumi, giza bado bichi.
Dafrosa Makokha hutangulia, tochi kwenye paji la uso,
hafungui kinywa mpaka nyavu ziwe wima,
nyavu nyembamba hata umande huona haya kuzikalia.
Kisha mbayuwayu huamka wote kwa pamoja,
kelele kama mafuta ya moto yakipokea vitunguu,
na katika maelfu yale
wachache hujikuta wamelala mfukoni mwa hewa.

"Usivute. Tafuta alikoingilia.
Miguu kwanza, halafu bawa, halafu subira."
Anasema hivyo kila mwaka, ingawa mimi sigusi.
Mimi ni wa daftari.
Yeye ndiye anayewavisha pete, ndoa ya ajabu,
haina posa, haina mahari, mshenga ni koleo,
na bibi harusi huruka palepale
bila kuuliza jina la ukoo.

Kifuko cha kitambaa kinaning'inia, kinapumua.
Kumi na saba nukta mbili.
Kumi na nane kamili.
Kumi na tano, huyu ana njaa, mwachilie upesi.

Oktoba walikuja wamechakaa, mikia imekatika ncha.
Januari gugumaji lilitufungia gati siku tisa,
sukari ikaisha. Mimi, mtu wa Miwani,
nikanywa chai kavu, visubi vya ziwa vikielea juu yake.
Machi wakaanza kunenepa.
Dafrosa hupuliza manyoya ya kifuani kunionyesha:
chini ya ngozi, njano kama samli,
mafuta ya safari.

Leo akanyamaza ameshika mmoja.
"Huyu ana pete."
Pete imelika ukingoni, namba zimefifia,
akazigeuza kwenye mwanga, akanisomea:
sita, moja, saba, saba, nne.

Nikafungua sanduku la bati, daftari la mwaka juzi na la mtangulia,
kidole kikishuka safu kwa safu
mpaka kikakutana na mwandiko wa Obuya.
Obuya aliyeweka kila saba mshipi kiunoni
ili isidhaniwe moja.
Obuya tuliyemzika Julai, mvua ikinyesha kaburini.
Machi tisa, wavu wa pili, gramu kumi na tisa,
na pembeni, kwa penseli:
*Kaninyea mkono wa shati.*

Nikamsomea Dafrosa.
Akacheka. Akaendelea kucheka kidogo kupita kiasi,
kisha akatazama shati lake mwenyewe,
mkono wa kulia, pale karibu na kifungo.
"Hana adabu," akasema. "Mpaka leo."

Akafungua kiganja.
Ndege alikaa pale kitambo cha pumzi mbili
kama mtu anayesahau alichosimamia,
akaondoka.

Safu ya mwisho huuliza hali.
Nikaandika: *mzima.*
Nikarudi kwenye namba,
na zile saba mbili, kwa mkono wangu,
nikazifunga mshipi.

Kisha Dafrosa akaita kutoka mbali:
wavu wa tatu, popo, lete glavu.