Daftari la Mama Somoe

Newala, maji hupanda mlima kichwani mwa mtu.
Mama alibeba ndoo tatu, safari tatu:
ya msikitini,
ya binti Chilumba asiyeona,
na ya mwisho yetu, tugombee.

Vidole vyake, vyeusi kwa kubangua korosho,
havikutakata hata kwa maji ya karafumaiti.

Baada ya arobaini tulifungua daftari lake.
"Nadaiwa uzi. Nadaiwa chumvi, kibaba."
Waliomkopa yeye, hakuna hata jina.

Lakini wanakuja.
Jana kijana wa Kitangari
aliweka mkekani shilingi elfu nane,
akasema, "Za sare. Darasa la nne,"
akalia kunishinda mimi mwana.

Sikujua nizipeleke wapi.
Nimenunua ndoo.